Vijiti vya Uzazi wa Mpango: Kabla ya Kumlaumu Anayevitoa Mapema



Hapa Buyenzi tunayasikia sana haya: mama kawekewa vijiti mkononi, vya miaka 3 au 5, na baada ya miezi michache anataka vitolewe. Kliniki wanasema hana subira. Baadhi ya wahubiri wanasema amevuna alichopanda. Sisi tunaosomesha madrasa tunaona pande zote mbili zinamdhulumu, maana hakuna aliyemuuliza sababu.

Hukumu yenyewe hatutairefusha. Maswahaba walifanya 'azl wakati Qur-aan inateremka, kama alivyosimulia Jaabir (Radhiya Allaahu 'anhu), na wanachuoni wengi wamekisia juu yake njia za muda, mke na mume wakiridhiana na pasiwe na madhara. Vijiti ni vya muda. Vikitolewa uzazi hurudi.

Sababu tunayoletewa zaidi ni damu. Kijiti hutoa homoni kidogo kidogo, na homoni hiyo huvuruga ada ya mwanamke. Mmoja hukatikiwa kabisa, akaanza kuogopa kuwa damu inajikusanya tumboni (haijikusanyi, ukuta wa kizazi umekuwa mwembamba tu, hakuna cha kutoka). Mwingine hutokwa na matone wiki nzima, yakakatika siku nne, yakarudi. Daktari humwambia ni kawaida, na mara nyingi ni kweli. Lakini kwa Muislamu damu ni Swalah, ni Swawm, ni kitanda cha mumewe. Tumeulizwa na mama aliyekaa siku 40 bila kuswali akidhani yote ni hedhi, na mumewe kaanza kutaja mke wa pili. Huyo naye aambiwe hana subira?

Na jawabu lake liko katika vitabu tunavyosomesha kila mwaka! Katika madhehebu ya Shaafi'iy hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo, imechanganyika na istihaadhah. Mwenye kupambanua damu kwa rangi na uzito atafuata hilo; asiyeweza atarudi kwenye ada yake ya zamani, aoge, na Swalah za siku zilizozidi ada azilipe. Mwenye istihaadhah hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kwa kila Swalah ya faradhi baada ya wakati kuingia, huswali, hufunga, na ni halali kwa mumewe. Ummu Habiybah bint Jahsh (Radhiya Allaahu 'anhaa) alitokwa damu miaka saba, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakumwachisha Swalah miaka saba.

Basi kwa nini somo hili linaishia kwa wasichana wa darasa la juu, na waume hawalisikii kabisa? Mume aliyeelezwa kabla mke hajawekewa vijiti hatashtuka mwezi wa pili.

Kliniki nazo zina lao. Mwaka 2013 bei ya Jadelle kwa nchi maskini ilishushwa kutoka dola 18 hivi hadi dola 8.50, na vijiti vikaenea. Kuweka ni kazi ya dakika chache. Kutoa kunahitaji mkono uliofundishwa, na fundi huyo hapatikani kila mahali. Kuna mama anayerudishwa mara tatu, anaambiwa muda haujafika. Hilo hatulikubali. Mwili ni amana yake, na akitaka vitolewe leo, vitolewe leo. Ila aelezwe pia kwamba zipo dawa za siku chache za kupunguza damu, na kwamba damu nyingi au yenye maumivu makali ichunguzwe, isisingiziwe vijiti tu.

Wenye masuala wanakaribishwa baada ya darsa ya Jumamosi, na mume aje naye. Tunaomba mje na kalenda iliyoandikwa siku damu ilipoanza na ilipokatika, pamoja na ada ya kabla ya vijiti, kwani bila ya tarehe hizo hatuwezi kuwahesabia.

Wa Allaahu A'lam.