Chombo cha Mcheza Santuri: Yatazamwe Nini Kabla ya Kununua?

Mcheza santuri wa leo huzitoa nyimbo katika kompyuta kwa programu kama Serato au Traktor, akiiongoza kwa chombo chenye visahani viwili na vitufe. Familia itakayomnunulia kijana wake chombo hicho kwa akiba ya mshahara isihadaike na wingi wa taa. Kwanza, ihakikishe kwamba kimo katika orodha ya vyombo vinavyokubaliwa na programu, na iulize kama leseni yake hununuliwa mbali. Pili, kiwe na matundu mawili ya sauti, la spika na la vipokea sauti vya masikioni, ili wimbo ufuatao usikilizwe kabla haujapigwa hadharani. Tatu, kijaribiwe mbele ya muuzaji, kitufe kwa kitufe. Kwani waya wa USB ukilegea, arusi nzima hunyamaza.