Uzamivu wa biolojia Marekani: Si alama tu, ni nani anayelipa

Kila ifikapo Desemba, vijana waliohitimu shahada za sayansi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hukimbizana na siku ya mwisho ya kutuma maombi ya masomo ya uzamivu nchini Marekani. Programu nyingi za biolojia za huko hufunga pazia la maombi kati ya mwanzo na katikati ya mwezi huo, huwasaili waombaji Januari na Februari, na huwataka waliopokewa watoe jibu kufikia Aprili 15.

Kivutio kinafahamika. Hapa nchini mwanafunzi hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili kabla ya uzamivu, na mara nyingi hujitafutia mfadhili. Vyuo vya Marekani humpokea hata mwenye shahada ya kwanza, humlipia ada na bima ya afya, na humpa posho ya kujikimu kwa miaka mitano au sita. Si ajabu, basi, kwamba wengi huamini alama za juu ndizo tiketi pekee.

Imani hiyo ina kasoro. Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Posho inayoonekana kama zawadi hutoka katika mifuko maalumu, na baadhi ya mifuko hiyo imefungwa kwa mgeni.

Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ndizo mfadhili mkuu wa utafiti wa biolojia na tiba nchini humo. Ruzuku zake za mafunzo, ambazo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1974 na ambazo hugharimia miaka ya mwanzo ya wanafunzi wengi, huwalipa raia na wakazi wa kudumu pekee. Ufadhili wa wanafunzi wa uzamivu unaotolewa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF, nao hauwafikii wageni.

Maana yake ni kwamba waombaji wawili wenye sifa sawa hawakigharimu chuo sawasawa. Katika programu nyingi za biolojia ya molekuli, mwanafunzi hutumia mwaka wa kwanza kupita katika maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Katika kipindi hicho Mmarekani anaweza kulipiwa na ruzuku ya mafunzo, lakini mgeni hana budi kutafutiwa fedha nyingine. Katika vyuo vingi vya umma, ada yake pia hubaki katika kiwango cha mtu wa nje ya jimbo, na lazima apatikane wa kuilipa. Ndiyo maana nafasi za wageni huwa chache, hata pale ambapo kamati ya udahili haina chuki na yeyote.

Hata hivyo, iko mifuko iliyo wazi. Ruzuku ya utafiti ya profesa inaweza kumlipa mwanafunzi wa taifa lolote anayefanya kazi katika maabara yake. Idara zenye wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza huwalipa wa uzamivu kwa kufundisha, na kwa sababu hiyo alama ya kuzungumza katika mtihani wa Kiingereza hutazamwa kwa makini. Katika ikolojia, mara nyingi mwombaji hupokewa kwa sababu yuko profesa aliye tayari kumsimamia. Kumwandikia mapema, kwa barua inayoonyesha kuwa kazi zake zimesomwa, ni sehemu ya maombi yenyewe.

Hapa mwombaji kutoka Tanzania ana mtaji ambao huenda hautambui. Utafiti wa malaria wa Ifakara, wanyama wa Serengeti na samaki wa Ziwa Victoria vimewavuta wanasayansi wa kigeni kwa miongo mingi. Mhitimu aliyetumia mwaka mzima akikusanya mbu au kuchambua sampuli, akapata barua ya msimamizi aliyemwona kazini, ana hoja nzito kuliko mwenye barua ya mkuu wa kitivo asiyemfahamu. Programu nyingi za biolojia zimeacha kudai mtihani wa GRE tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, jambo lililopunguza gharama na kuongeza uzito wa uzoefu.

Mwaka 2025 ulionyesha jinsi mifuko hiyo inavyoweza kutikisika. Februari 7 mwaka huo, NIH ilitangaza kikomo cha asilimia 15 kwa gharama za uendeshaji zinazoambatana na ruzuku zake. Mahakama iliizuia hatua hiyo, lakini vyuo vilikwisha kuingiwa na hofu. Chuo cha tiba cha UMass Chan kilifuta nafasi za uzamivu kilizokuwa kimekwisha kuzitoa, na vingine vikapunguza idadi ya wanaopokewa.

Kisha kikaja kikwazo cha viza. Mwishoni mwa Mei 2025, balozi za Marekani zilisitisha kupanga usaili mpya wa viza za wanafunzi. Kazi iliporejea Juni, waombaji walitakiwa kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii. Tangazo la Rais Donald Trump la Juni 4, 2025 lilisimamisha utoaji wa viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Lile la Desemba 16, 2025 likaiingiza Tanzania katika kundi hilo kuanzia Januari 1, 2026. Waliokuwa na viza halali hawakuguswa. Kenya, Uganda na Rwanda hazikutajwa katika matangazo hayo mawili.

Kwa hali hiyo, mwombaji makini hana budi kuanza na maswali ya fedha kabla ya kulipa ada ya maombi, ambayo aghalabu hukaribia au kupita dola 100 kwa programu moja. Je, fedha za programu hiyo zinamruhusu mgeni? Imepokea wageni wangapi katika miaka ya karibuni? Je, nafasi inaweza kuahirishwa iwapo viza itakwama? Je, ada inaweza kusamehewa? Barua pepe moja kwa ofisi ya programu inaweza kumwokolea mshahara wa mwezi.

Swali la mwisho linaihusu serikali na vyuo vya nyumbani. Ikiwa sahihi moja ya Washington inaweza kuahirisha safari ya mtafiti kijana wa malaria, basi mfuko wa ndani wa uzamivu si anasa. Ni sehemu ya bajeti ya afya.