Saa za Safari ya Mbali

Mwezi huu twataka kusema juu ya hesabu moja iliyowakosesha wazazi wengi usingizi. Mtoto apandapo eropleni kwenda mbali, sisi tuliobaki nyumbani hutazama tiketi yake na kuhesabu, na mara nyingi twakosea.

Tutwae safari ya Nairobi hadi New York, katika nchi ya Marekani. Zamani msafiri hakuwa na budi kushuka njiani na kupanda eropleni nyingine. Lakini tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja. Umbali wake ni kilometa 11,800 hivi, na safari huchukua kadiri ya saa 15.

Sasa tuseme mwezi ni Januari, na tiketi imeandikwa: kuondoka Nairobi Jumamosi 23.00, kufika New York Jumapili 06.00. Mama asomaye husema, "Toka saa 5 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa 7 tu." Kunapokucha huketi karibu na simu. Saa 1 yapita, saa 3, hata saa 6, na habari hakuna. Moyo wake wajaa hofu, majirani waja kumfariji; kumbe wakati huo wote mwanawe yu salama angani, wala hajachelewa hata kidogo.

Kosa li wapi? Tiketi huandika kuondoka kwa saa ya mahali pa kuondokea, na kufika kwa saa ya mahali pa kufikia. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na jua hutufikia sisi kwanza. Mwezi wa Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Katika miezi yao ya joto, wasogezapo saa zao mbele, ni saa 7. Basi geuza kwanza saa ya kufika iwe ya nyumbani: 6 na 8 ni 14, yaani saa 8 mchana. Toka saa 5 usiku hata saa 8 mchana ni saa 15 kamili.

Wakati wa kurudi kosa hugeuka. Aondokaye New York saa 6 mchana hufika Nairobi saa 4 asubuhi ya siku ya pili. Huonekana ni saa 22, lakini ukiondoa zile 8 zabaki 14. Saa moja hupungua kwa kuwa juu ya Atlantiki pepo kali huvuma toka magharibi kwenda mashariki: wakati wa kwenda huizuia eropleni, wakati wa kurudi huisukuma.

Ninyi walimu, wapeni watoto hesabu hii ubaoni. Nanyi wazazi, kabla mtoto hajaondoka, andikeni saa ya kufika kwa saa ya nyumbani, mwongeze saa moja au mbili za kukaguliwa pasi na kungojea mizigo, mkaibandike karatasi ukutani. Ndipo mtakapoweza kulala usiku ule.