Mche Unaonyauka Hauna Kiu Kila Mara: Tazama Mizizi Kabla ya Kwenda Dukani



Kila msimu wa kusia mbegu ukifika, simu yangu hujaa picha za miche. Nyanya, hoho, kabichi, mara nyingine matango. Picha zinafanana: miche imelala, au imekuwa ya njano, au imerefuka shingo kama inatafuta mtu. Na chini ya picha kuna swali lile lile: "Bwana shamba, nipulize dawa gani?"

Leo nataka kusema wazi ninachokiamini. Miche mingi inayolelewa ndani, iwe kwenye kitalu nyumba, kibanda cha neti, varanda au chumba cha stoo, haiumwi ugonjwa wa kununuliwa dawa. Inaumizwa na mikono yetu: maji mengi, mwanga mdogo, chumvi na mbolea ya mapema. Dawa ikiongezwa juu ya makosa hayo, mkulima anapoteza mara mbili, hela ya dawa na miche yenyewe.

Najua wapo watakaokataa. Wauzaji wengi wa pembejeo watakuambia ukichelewa siku moja umekwisha. Kwa baadhi ya magonjwa ni kweli. Lakini kupuliza bila kujua unapuliza nini ni kucheza kamari, na anayelipa ni wewe.

Kwa nini jambo hili si dogo

Tufanye hesabu. Ukipanda nyanya kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, ekari moja inachukua miche kama 11,000. Hizo ni trei 55 zenye matundu 200 kila moja. Ukipoteza theluthi moja kitaluni, una mapengo zaidi ya 3,600 shambani, na shamba umeshalima, mabomba ya matone umeshatandaza, vibarua umeshawaita. Mbegu chotara nazo haziuzwi kwa bei ya mchicha.

Kinachouma zaidi ni muda. Mche wa nyanya unahitaji wiki nne hadi tano kitaluni. Ukifa wiki ya tatu, ukaanza upya, umesogeza mavuno yako kwa karibu mwezi mzima. Anayelima nyanya anajua mwezi mmoja unaweza kuwa tofauti kati ya tenga la bei nzuri na tenga linalobembelezwa sokoni.

Anza na sura ya tatizo

Kabla ya kugusa chochote, simama mlangoni utazame kitalu chote. Tatizo limekaaje?

Kama trei zote zimedhoofika kwa namna moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, shuku mazingira: maji, mwanga, baridi, udongo au mbolea. Vimelea havina kawaida ya kushambulia kila mche siku moja kwa kipimo kimoja. Kama tatizo lina viraka, miche kumi hapa imelala na jirani zake wazima, kisha kesho kiraka kimepanuka, hapo shuku ugonjwa. Kama ni upande mmoja tu, angalia kilicho upande huo: bati linalovuja, ukuta unaoziba mwanga, au pale ambapo maji ya keni huanza kumwagika kwa nguvu.

Baada ya hapo ng'oa mche mmoja taratibu, uoshe mizizi kwenye kikombe cha maji. Mizizi mizima ni myeupe na inashika udongo wake. Mizizi ya kahawia, laini, inayochubuka ngozi ukiivuta kwa vidole, imeoza. Mche mmoja uliong'olewa unakueleza mengi kuliko picha ishirini za majani.

Maji: mshukiwa wa kwanza

Jani likinyauka, mkono unakimbilia keni. Hapo ndipo wengi wanapomalizia miche yao. Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo uliojaa maji kila saa hauna nafasi ya hewa, mizizi inaoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji. Kwa hiyo mche unanyauka ukiwa umesimama ndani ya tope. Ukiongeza maji, unaongeza tatizo.

Kipimo hakihitaji mashine. Nyanyua trei. Jifunze uzito wake ikiwa imetoka kumwagiliwa, na uzito wake ikiwa inahitaji maji. Kisha chukua udongo wa tundu moja uuminye: ukichuruzika maji, usimwagilie, ukishikana bila kuchuruzika, subiri, ukimong'onyoka, mwagilia. Mwagilia asubuhi ili majani na uso wa udongo vikauke kabla ya usiku. Hakikisha matundu ya chini ya trei hayajaziba, na usiweke trei moja kwa moja juu ya sakafu au nailoni inayotuamisha maji. Chaga ya mianzi au ya mbao inatosha.

Mwanga: miche yenye shingo ndefu

Mche mrefu, mwembamba, uliopauka na ulioinamia upande mmoja haukui haraka, unatafuta jua. Mbolea haitausaidia, naitrojeni itaurefusha zaidi. Dirisha la upande mmoja halitoshi. Nailoni ya kitalu nyumba iliyojaa vumbi na ukungu wa kijani nayo inazuia mwanga, kwa hiyo ioshe. Neti ya kivuli kizito ni ya siku chache za mwanzo na za jua kali, si ya wiki nne mfululizo.

Siku hizi wapo wanaolea miche chumbani kwa taa za LED. Njia hiyo inafanya kazi, lakini taa moja ya dari haitoshi. Taa iwe karibu na miche bila kuiunguza, iwake saa 14 hadi 16, kisha izimwe. Usiiache usiku kucha ukidhani unawahi, kwa sababu nyanya inayomulikwa saa 24 huharibika majani.

Nyanya iliyorefuka kidogo inaokoka: wakati wa kuhamisha, fukia shina hadi karibu na yale majani mawili ya kwanza, maana shina la nyanya huota mizizi. Usitegemee hivyo kwa hoho. Hoho iliyorefuka shingo itabaki na shingo yake.

Chumvi na mbolea ya mapema

Siku za mwanzo mche unakula akiba iliyo kwenye mbegu na yale majani mawili ya kwanza. Kumpa mtoto huyu yurea au busta kabla hajatoa majani halisi ni kumlisha ugali siku ya kuzaliwa. Subiri majani halisi yafunguke, kisha anza na mbolea ya maji iliyopunguzwa, robo ya kipimo cha mmea mkubwa, si zaidi.

Dalili za chumvi ni ncha na kingo za majani kuungua na kuwa kahawia, na utando mweupe juu ya udongo. Inatoka wapi? Mara nyingi kwenye samadi mbichi, mbolea iliyozidi, maji ya kisima chenye chumvi kama visima vingi vya Dar es Salaam na pwani, au kokopiti ambayo haikuoshwa. Makumbi ya nazi hubeba chumvi nyingi, kwa hiyo kokopiti ioshwe kwa maji safi zaidi ya mara moja kabla ya kupandia. Kama tatizo limeshaanza, pitisha maji mengi safi hadi yatoke chini, acha trei ichuruzike vizuri, kisha simamisha mbolea kwa wiki.

Baridi na majani ya zambarau

Wa Njombe, Makete na Lushoto wananielewa. Mwezi wa sita na wa saba majani ya nyanya yanageuka zambarau upande wa chini, na mtu anakimbilia DAP. Mara nyingi fosforasi ipo kwenye udongo, ila mizizi yenye baridi haiwezi kuichukua. Funika kitalu usiku, fungua asubuhi, inua trei kutoka kwenye sakafu ya saruji na umwagilie jua likishatoka. Joto likirudi, rangi ya majani mapya hurudi yenyewe.

Sasa tuje kwenye ugonjwa

Kinyausi kipo na kinaua. Utakitambua kwa shina lililominyika na kuwa jembamba kama uzi pale linapogusana na udongo. Mche unaanguka ukiwa bado wa kijani, na kiraka kinapanuka. Hapa wakulima wengi hawaambiwi jambo moja: kinyausi husababishwa na vimelea tofauti, na dawa yao si moja. Dawa yenye metalaksili hufanya kazi kwa Pythium lakini haimgusi Rhizoctonia. Ndiyo maana jirani anaisifu dawa ile ile ambayo kwako imeshindwa. Ukinunua kwa jina tu, umenunua bahati.

Vimelea hao wote wanapenda kitu kimoja: unyevu uliotuama na miche iliyobanana. Kwa hiyo hatua za kwanza ni zile zile. Toa miche iliyoanguka pamoja na ile inayoigusa na udongo wake, uiteketeze mbali. Punguza maji, fungua pande za kitalu hewa ipite, nafasisha trei. Baada ya hapo, kama bado inaenea, tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwa kipimo cha kwenye lebo na ukiwa umevaa glovu na barakoa. Ukiona vijinzi vidogo vyeusi vinaruka unapogusa trei, usivihesabu kuwa adui mpya. Vinakuambia udongo wako haukauki.

Inzi weupe ni jambo jingine. Hao hubeba virusi vya rasta, na mche ukiambukizwa hauna tiba. Neti ya matundu madogo na mlango unaofungwa vitakusaidia kuliko chupa ya dawa baada ya majani kujikunja.

Kinga haina ubishi

Sipingi dawa. Mbegu iliyopakwa dawa kiwandani ni kinga nzuri, na nunua yenye lebo ya TOSCI. Ninachopinga ni kuifanya dawa kuwa jibu la kwanza. Trei za zamani zioshe tope lote, zilowekwe kwenye maji yenye Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa nusu saa, zisuuzwe na kuanikwa juani. Udongo wa shamba lililokuwa na nyanya au bilinganya usiuingize kitaluni. Ukichanganya udongo mwenyewe, uupikie mvuke kwenye pipa kwa nusu saa, uache upoe. Sia mbegu moja kila tundu, kina kisizidi sentimita moja.

Uamuzi mgumu

Kuna trei ambazo hazifai kuokolewa. Miche iliyooza mizizi ikipelekwa shambani haifi siku hiyo. Inadumaa, inakula maji na mbolea yako miezi miwili, halafu inakupa nyanya tatu. Kama zaidi ya nusu ya trei ina mizizi ya kahawia na uko wiki ya pili, imwage na usie upya leo. Inauma, lakini gharama ya mbegu ni ndogo kuliko gharama ya ekari nzima ya mimea goigoi. Ndiyo maana nashauri usie trei mbili tatu za ziada tangu mwanzo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukinitumia picha ya majani peke yake nitakuuliza maswali kabla ya kukujibu. Nitumie picha ya kitalu chote, picha ya mizizi iliyooshwa, uniambie unamwagilia mara ngapi kwa siku, maji unayatoa wapi, na umeshaweka nini. Ukikusanya hayo matano, mara nyingi utakuwa umeshalipata jibu kabla hujabonyeza kutuma, na hela ya dawa itabaki mfukoni mwako.

Kila la heri kwenye msimu huu.