TAHARIRI: Tuanze na mbegu ya kiazi, dawa baadaye

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, simu huanza kulia kwa Watanzania na Wakenya walioko ughaibuni. Anayepiga ni kaka au mama mdogo kutoka Njombe, Mbeya, Nyandarua au Meru: viazi havikuzaa, fedha za dawa zinahitajika. Fedha hutumwa, dawa hupigwa, na mavuno yanazidi kupungua.

Wakati umefika wa kuulizana kama fedha hizo zinakwenda panapostahili.

Mara nyingi mkosaji ni virusi vinavyobebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani. Virusi vya kukunja majani humtaka kidukari anyonye kwa muda mrefu, kisha hukaa mwilini mwake kwa saa nyingi kabla hajaweza kuambukiza. Hapo dawa ya wadudu husaidia, kwani humuua mapema. Lakini virusi aina ya Y huchukuliwa kwa kudunga jani kwa sekunde chache tu, na hupandikizwa kwenye shina jingine kwa sekunde chache vilevile. Hata vidukari wasioishi kwenye viazi, wanaopita wakionja tu, huvieneza. Dawa humkuta ameshamaliza kazi.

Baya zaidi ni kwamba virusi hushuka hadi kwenye kiazi chenyewe, na hakuna dawa ya kuviondoa shambani. Mkulima wetu huuza viazi vikubwa na kubakiza vidogo kuwa mbegu. Shina lenye ugonjwa ndilo linalozaa vidogo! Kwa hiyo, bila kujua, kila msimu anachagua ugonjwa na kuupanda tena.

Wenzetu wameliona hili zamani. Scotland inasifika kwa mbegu za viazi kwa sababu baridi na upepo wake haviwapi vidukari nafasi. Huko Uingereza, kituo cha Rothamsted kimekuwa kikihesabu vidukari wanaoruka tangu mwaka 1964, kwa mitego yenye urefu wa mita 12.2, ili wakulima waonywe mapema. Nyanda zetu za juu nazo zina baridi. Kinachokosekana ni utaratibu.

Na upo utaratibu usiohitaji mamilioni. Viazi vinapokaribia kutoa maua, mkulima apite shambani na kuweka kijiti kwenye kila shina lenye afya. Baada ya wiki chache akague tena na kung'oa vijiti kwenye mashina yaliyougua. Yaliyobaki yavunwe peke yake, na hayo ndiyo mbegu. Mashina yenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka yang'olewe mapema pamoja na viazi vyake, na maotea ya msimu uliopita yasiachwe. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha mavuno kuongezeka kwa wastani wa asilimia 34 kwa kuchagua mbegu hivyo.

Lakini kuchagua hakuwezi kuchukua nafasi ya mbegu safi. Tunazitaka serikali zetu zivipe vituo vya utafiti kama Tigoni na Uyole uwezo wa kuzalisha mbegu hiyo kwa wingi, na ifike kijijini kwa bei ambayo mkulima anaimudu.

Nasi tulio nje, kabla ya kutuma fedha za dawa, tuulize kwanza: mbegu mmeitoa wapi?