Poda ya Wakubwa

Husemwa kwa fahari kwamba nchi za Magharibi zimefunguka macho: mwanamume sasa aweza kujipodoa na asiulizwe. Wanaolaani jambo hilo nao husema kuwa ni uzushi wa jana. Pande zote mbili hazikuisoma historia ya Ulaya.

Katika Versailles ya karne ya 18 mabwana wa Kifaransa walipaka poda nyeupe usoni na rangi nyekundu mashavuni, na panga zao zikining'inia viunoni. Rangi ile ilikuwa alama ya daraja. Uingereza ilipotoza kodi ya poda ya nywele mwaka 1795, gini moja kwa mwaka, haikuwa ikimlenga mchimba makaa. Ni Mapinduzi ya Ufaransa, na baadaye suti nyeusi ya karne ya 19, yaliyomvua mwanamume mapambo. Basi hiyo iitwayo desturi ya kale ya Mzungu ina umri wa miaka mia mbili na ushei tu. (Mzee wa mwambao aliyezoea kutia wanja siku ya Ijumaa angeucheka mjadala mzima.)

Na wakubwa hawakuiacha poda. Mwaka 1960 Richard Nixon alikataa kupambwa na mtaalamu kabla ya mdahalo wake wa televisheni na Kennedy, akaonekana kama mgonjwa. Wanasiasa wakalishika somo hilo. Mwaka 2017 jarida la Le Point lilifichua kwamba vipodozi vya Rais Macron vilikuwa vimegharimu yuro 26,000 kwa miezi mitatu. Kelele zilizopigwa zilikuwa za gharama, si za uanaume wake. Mwaka uliofuata Chanel ikatoa vipodozi vya wanaume. Duka limekubali, naam. Duka hukubali kila mwenye fedha.

Lakini je, mtaa umekubali? Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Bacup, Lancashire, kundi la vijana liliwavamia bustanini wapenzi wawili wafuasi wa mtindo wa Goth, wa nguo nyeusi na wanja mzito kwa wake na waume. Sura yao tu ndiyo iliyokuwa kosa. Kijana wa kiume alipigwa hadi kuzimia. Msichana, mwenye umri wa miaka 20, alimkinga kwa mwili wake, akapigwa naye, akafa siku 13 baadaye. Polisi wa Greater Manchester, jirani na hapo, walianza kuyaandikisha mashambulio ya namna hiyo kuwa uhalifu wa chuki mwaka 2013.