Kampuni humlipa mwanariadha miguu au sura?

Watu wa Tukuyu hawahitaji kufundishwa thamani ya mchezaji. Mji wao, ulioko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, uliutwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara mwaka 1986 kwa timu ya Tukuyu Stars, na habari hiyo ingali ikisimuliwa. Kijana wa kata ya Msasani anayependa mbio naye hana haja ya kutafuta vilima. Vilima vimeanza mlangoni kwake. Kinachomsumbua ni viatu.

Afikapo sokoni hukuta jozi zenye alama za kampuni za Marekani na Ujerumani, nyingine mitumba na nyingine mpya, na muuzaji humhakikishia kwamba hivyo ndivyo alivyovivaa bingwa fulani. Jina la bingwa likishatajwa, bei hupanda. Basi ni haki kuuliza: bingwa huyo anaifaa nini kampuni inayomlipa, na anamfaa nini mzazi anayetoa fedha ya maziwa na ndizi ili mwanawe apate kukimbia?

Faida ya kampuni haina mjadala. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma akiwa miguu mitupu, na hakuna mshona viatu aliyeweza kujisifia ushindi ule. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alishinda tena, safari hii amevaa Puma, na mbio nzima ya kilomita 42 ikageuka tangazo. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, sheria za michezo ya ridhaa zilimzuia mwanariadha kuuza jina lake hadharani. Leo jina huuzwa kwa mkataba, na hapana ubaya mtu kulipwa kwa jasho lake.

Lakini upo ujira wa aina mbili, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kufumbua macho. Kampuni inaweza kumlipa mwanariadha kwa miguu yake, yaani akitumie kitu, akiumbue, aseme kinabana wapi na kimepasuka wapi. Inaweza pia kumlipa kwa sura yake tu.

Mfano mwema wa ujira wa kwanza ni Eliud Kipchoge wa Kenya. Mwaka 2017 huko Monza, Italia, alikimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 25 akiwa na viatu vya Nike vyenye soli nene ya sponji na bamba la kaboni ndani yake. Mwaka 2019 mjini Vienna akatumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zote mbili zilikuwa majaribio maalumu yasiyohesabiwa kuwa rekodi, na kiatu nacho kilikuwa katika majaribio. Mambo yalifika mahali ambapo mnamo Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia lilitangaza kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40, na kwamba kiatu cha mashindano kiwe kimeuzwa madukani kwa miezi minne kwanza. Sharti hilo la pili, ingawa lililegezwa baadaye, lilikuwa na maana kubwa: kinachompa bingwa ushindi kisifichwe kwa mnunuzi.

Hali ni hiyo hiyo hata katika michezo ambayo wengi wa Rungwe, walio mbali na bahari, wameiona katika picha tu. Huko Paje, Unguja, wageni huteleza juu ya maji kwa ubao wakivutwa na tiara kubwa, wakifuata pepo za kusi na kaskazi. Kamba ikikatika mbali na pwani, maisha yamo hatarini. Bingwa aliyelipwa kuivuta kamba ile mpaka ikatike amemfanyia mnunuzi kazi ambayo mnunuzi mwenyewe asingethubutu kuifanya.

Hata hivyo ukweli wa bingwa ni ukweli wa barabara yake. Tigst Assefa wa Ethiopia aliposhinda Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:11:53, kiatu chake cha Adidas kilikuwa na uzito wa gramu 138, bei yake dola 500, na kilitengenezwa kwa ajili ya mbio moja! Hakuna aliyedanganywa. Lakini kiatu hicho katika matope ya Msasani ni fedha iliyotupwa.

Ujira wa sura nao usilaaniwe wote. Mwaka 2016 kampuni ya MultiChoice Tanzania, yenye kuuza ving'amuzi vya DStv, ilimdhamini Alphonce Simbu katika mazoezi yake. Akawa wa tano katika Olimpiki ya Rio, akapata nishani ya shaba katika mashindano ya dunia mjini London mwaka 2017, na mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Hapana mtu aliyedhani kwamba miguu ya Simbu ndiyo iliyokipima king'amuzi. Mnunuzi alijua anachonunua, na mkimbiaji alipata riziki.

Udanganyifu huingia pale sura inapovalishwa mavazi ya miguu. Kadiri bingwa anavyoitukuza alama, ndivyo mwigaji anavyoibandika juu ya soli ya ovyo. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia, lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila gulio. Hata mtumba halisi huenda sponji yake imekwisha kuchoka kwa kilomita za mtu mwingine, ijapokuwa rangi inang'aa.

Kampuni inayotaka kuuza kwa haki huko Rungwe na imlipe kijana wa Msasani akikimbilie kiatu chake tangu mvua za Desemba hadi Mei, kisha ipeleke sokoni kile kitakachokuwa kingali mguuni.